Swali Linalotangulia Urefu

Mkandarasi anapopiga simu kukodi jukwaa la kunyanyulia watu, swali la kwanza analoulizwa, na mara nyingi ndilo la mwisho, ni: mita ngapi? Akisema kumi na mbili, anatajiwa bei ya siku na gharama ya lori la kuleta mashine, na kesho yake asubuhi mashine iko saiti. Katika simu nzima hakuna aliyeuliza ardhi ikoje, juu kuna nyaya gani, fundi atapanda na mzigo gani, wala nani ataendesha. Urefu ni rahisi kuutaja, ndiyo maana unaulizwa. Hayo mengine yanataka mtu afike, atembee eneo lote, atazame chini na juu, kisha aamue.

Naamini ajali nyingi za mashine hizi huanzia kwenye simu hiyo. Fundi akianguka saa nane mchana, uamuzi uliomwangusha huenda ulifanywa siku kadhaa kabla, na mtu asiyekuwa na nia mbaya yoyote, aliyekuwa tu anatafuta bei nafuu. Sura hii inahusu uamuzi huo, na mafunzo ya yule atakayekabidhiwa funguo.

Mashine zenyewe sina ugomvi nazo. Kwenye saiti zetu bado mtu anapaka rangi ukuta wa ghala akiwa kwenye ngazi iliyounganishwa kwa kamba, au anatembea juu ya mirunda iliyopigiliwa misumari jana jioni. Ukilinganisha na hayo, sakafu ya chuma yenye uzio pande zote ni neema kubwa kwa fundi. Ila neema hiyo ina masharti, na masharti yake yameandikwa kwenye kibao kidogo kilichobandikwa kwenye uzio, ambacho wachache hukisoma.

Viwango vya kimataifa vinayagawa majukwaa haya katika makundi mawili. Kundi A ni yale ambayo katikati ya jukwaa hubaki ndani ya eneo la magurudumu au miguu ya mashine: yanapanda wima na kushuka wima. Maarufu zaidi ni jukwaa la mkasi, lile ambalo vyuma vyake hukunjuka na kukunjamana chini ya sakafu. Kundi B ni yale yenye mkono, ambayo kikapu huweza kwenda mbali nje ya magurudumu. Mkono huo huenda moja kwa moja kwa kujirefusha, au una viungo vinavyokunjwa ili kupita juu ya kizuizi na kufika nyuma yake. Magari ya mashirika ya umeme yenye kikapu, tunayoyaona yakitengeneza taa za barabarani, yamo humo.

Kwa hiyo swali la kwanza la haki ni hili: mahali pa kazi panafikika kutoka chini yake? Kama jibu ni ndiyo na sakafu ni zege tambarare, jukwaa la mkasi litafaa, litabeba mafundi wawili na vifaa vyao, na gharama yake ni ndogo. Kama chini ya mahali pale kuna mtambo, mtaro au paa la jengo jingine, unahitaji mkono. Mkandarasi anayeleta mkasi kwa sababu ni rahisi, halafu fundi akakuta amebakiza nusu mita kufika kwenye boriti, amemwachia fundi majaribu mabaya. Fundi huyo ataegemea uzio. Akishindwa ataukanyaga. Akishindwa tena ataomba ngazi fupi aisimamishe ndani ya jukwaa.

Hapo urefu unarudi, kwa sura nyingine. Vipeperushi vya wauzaji hutaja kile kinachoitwa urefu wa kufanyia kazi, na urefu huo hupatikana kwa kuchukua kimo cha sakafu ya jukwaa na kuongeza mita mbili. Mkasi mdogo wa umeme ambao sakafu yake hufika mita 5.8 utauzwa kama mashine ya mita 7.8. Mita hizo mbili zilizoongezwa ni kimo cha fundi mwenyewe na mikono yake iliyonyooshwa. Sasa mwambie fundi huyo atoboe zege kwa drili nzito mikono ikiwa imenyooshwa juu ya kichwa, saa tatu mfululizo. Hawezi. Kazi ya drili inataka kifaa kiwe karibu na kifua, kwa hiyo mashine aliyoletewa ni fupi, na itamfundisha kupanda uzio. Anayeagiza mashine anapaswa kuhesabu kutoka kwenye sakafu ya jukwaa na aina ya kazi. Namba kubwa ya kwenye tangazo isimdanganye.

Ardhi ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu kwetu ardhi huficha mengi. Mikasi mingi midogo ina kifaa kinachopima mwinamo, na kwa upande hukubali takriban nyuzi 1.5 tu kabla ya kupiga king'ora na kukataa kuendelea kupanda. Nyuzi moja na nusu ni kiasi gani? Kama magurudumu ya kushoto na kulia yameachana sentimita 70, gurudumu moja likishuka chini ya sentimita 2 umeshafika mpaka. Hicho ni kina cha ufa wa kawaida kati ya matofali ya njia na mfuniko wa mtaro. Sakafu ikiwa juu mita 5.8, mwinamo huo mdogo unalisogeza jukwaa lote sentimita 15 upande mmoja, pamoja na watu wawili na ndoo zao za rangi. Opereta asiyejua hesabu hii huona king'ora kama usumbufu. Kuna saiti ambako kifaa cha mwinamo kimekatwa waya ili kazi iendelee. Mashine ya namna hiyo inapaswa kuondoka saiti siku hiyohiyo.

Uzito nao unashangaza. Mkasi mdogo unaoweza kupita kwenye mlango huwa na uzito wa zaidi ya tani moja, na mashine za mkono za kufika ghorofa ya tano au ya sita huwa na tani kadhaa. Mkono ukigeuka, uzito haubaki sawa kwenye magurudumu manne. Hukusanyika kwenye gurudumu moja upande ule mkono ulikoelekea. Fikiria sasa ua wa jengo la biashara katika mji wowote wa kwetu. Chini ya matofali ya njia kuna shimo la maji taka ambalo aliyelijenga alishahama. Kuna mtaro wa kebo uliochimbwa mwezi jana ukafukiwa bila kushindiliwa, na masika yameulainisha. Hakuna kifaa cha kwenye mashine kinachoweza kuona hayo. Inabidi mtu aulize mlinzi wa zamani, fundi bomba, mama anayepika chakula kwenye kona ya ua tangu jengo lilipojengwa. Wao hujua mahali gari la maji taka husimama.

Kwa mashine ya mkono, shimo dogo lina ubaya wa ziada. Gurudumu likidumbukia ghafla sentimita chache, mkono mrefu hukuza mshtuko huo, na kikapu huruka juu kwa nguvu ya kumrusha mtu nje akapita juu ya uzio. Hii ndiyo sababu ndani ya kikapu cha mkono fundi huvaa mkanda wa mwili mzima na kuufunga, kwa kamba fupi, kwenye pete iliyowekwa humo. Kamba iwe fupi kiasi cha kumzuia asitoke kabisa. Kamba ndefu ya kumdaka mtu akiwa tayari anaanguka, hapa si mahali pake. Na asijifunge kamwe kwenye boriti ya jengo, maana kikapu kikishuka atabaki ananing'inia. Kwenye mkasi, uzio wenyewe ndio kinga kuu, na mkanda hutumika pale mtengenezaji au hali ya kazi inapotaka.

Kuhusu upepo kuna tukio moja ambalo kila msimamizi anapaswa kulijua, ingawa lilitokea mbali nasi. Tarehe 27 Oktoba 2010, katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana nchini Marekani, mwanafunzi wa miaka 20 alipandishwa kwenye jukwaa la mkasi kurekodi video za mazoezi ya timu ya kandanda ya Kimarekani. Ilikuwa ajira yake ya chuoni. Siku iliyotangulia mazoezi yalikuwa yamehamishiwa ndani kwa sababu ya upepo. Siku ile yalirudishwa nje, na jukwaa likanyanyuliwa takriban mita 12. Jioni ukapita upepo wa kasi ya kilomita 85 kwa saa. Mashine ikaanguka, na kijana akafariki.

Mamlaka ya usalama kazini ya Indiana ilipomaliza uchunguzi, Machi 2011, ilitaja makosa sita na kutoza faini ya dola 77,500. Soma walichokikuta: wanafunzi waliokuwa wakiendesha mashine hizo hawakufundishwa ipasavyo, ukaguzi haukufanyika kama ulivyotakiwa, na hali mbaya ya hewa ilikuwa ikijulikana. Ilikuwa taasisi tajiri, yenye wahandisi na wanasheria wake. Mashine haikuwa na siri yoyote. Kilichokosekana ni mtu mmoja pale uwanjani mwenye ujuzi wa kujua kikomo cha upepo na mamlaka ya kusema leo hakuna kupanda. Majira ya kuchipua ya 2011 chuo kilifunga kamera zinazoongozwa kutoka chini. Kazi ileile ya kurekodi ikaendelea bila mtu yeyote kupanda. Sheria ya Uingereza ya kazi za juu ya mwaka 2005 inaanza na jambo hilohilo kabla ya kutaja kifaa chochote: kama kazi inaweza kufanyika kutoka chini, ifanyike chini.

Kikomo chenyewe kinajulikana. Majukwaa yaliyoruhusiwa kutumika nje kwa kawaida hutengenezwa kustahimili upepo hadi mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Mengine, hasa mikasi midogo myembamba, kibao chake huonyesha sifuri kwa kazi za nje: yametengenezwa kwa ajili ya ndani ya jengo tu, na upepo wa aina yoyote hauhesabiwi. Mikasi ya namna hiyo nimeiona ikipaka rangi kuta za nje za maghala karibu na bahari.

Kwenye mwambao wetu, msimu wa kusi si siri kwa mtu yeyote, na upepo wa bahari huja mchana hata asubuhi ikiwa imetulia. Kipimo cha upepo cha mkononi si kifaa cha anasa, na kipimwe kule juu, kwa sababu upepo wa mita 12 kutoka ardhini si ule unaokugusa usoni ukiwa getini. Mzigo nao hubadilisha kila kitu. Bati la mita 3 kwa sentimita 90, likisimamishwa wima mbele ya upepo wa mita 12.5 kwa sekunde, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 30. Fundi aliyelishika huwa ameitwika mashine tanga. Nguvu hiyo yote humpitia yeye, ikaingia kwenye uzio, ikashuka hadi magurudumuni, na mtengenezaji hakuihesabu. Kazi ya mabati, vioo na mabango ndiyo ya kwanza kusimamishwa, kabla hata kikomo kilichoandikwa hakijafikiwa.

Umeme una historia yake ndani ya tasnia hii. John L. Grove, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya JLG mwaka 1969 katika mji wa McConnellsburg, Pennsylvania, anasimuliwa na kampuni yake kuwa alipata wazo la mashine ya mkono safarini, aliposikia kuhusu wafanyakazi wawili waliouawa na umeme wakiwa kwenye jukwaa la mabomba katika Bwawa la Hoover. Inasikitisha kwamba hadi leo umeme umebaki miongoni mwa njia kuu ambazo mashine hizo huua watu, pamoja na kuanguka kutoka kikapuni, mashine kupinduka, na mtu kubanwa kati ya uzio na kitu kilicho juu yake.

Sababu ni kwamba majukwaa ya kawaida ni chuma kitupu. Yale magari yenye mkono wa kuzuia umeme ni mashine maalumu, hupimwa mara kwa mara, na ni ya mafundi umeme waliosomea kazi hiyo. Laini za kilovolti 11 na 33 zinazopita juu ya nguzo za miti mitaani kwetu hazina gamba. Kanuni za Marekani hutaka umbali wa angalau mita 3 kutoka laini yoyote hadi kilovolti 50, na umbali huo unahesabu pia bomba la chuma au mche wa alumini aliobeba fundi, na mtikisiko wa kikapu. Ikiwa kazi haiwezi kufanyika nje ya umbali huo, barua iende TANESCO, Kenya Power au shirika linalohusika laini izimwe. Najua barua hizo huchukua muda. Muda huo uingie kwenye ratiba ya kazi tangu siku ya zabuni.

Kubanwa hutokea kimya. Opereta anapanda au anarudi nyuma huku akitazama chini, boriti inamkuta mgongoni, inamlaza juu ya vidhibiti, na kwa kuwa kifua chake kimekandamiza kijiti cha kuendeshea, mashine inaendelea kumsukuma. Kuna vizuizi vya ziada vinavyoweza kufungwa juu ya vidhibiti ili mashine isimame inapohisi mgandamizo. Kwa kazi za ndani ya mapaa ya chuma, anayekodi mashine aviulizie kwa jina la kazi yake: nitafanya kazi kati ya boriti, una kinga gani?

Sasa mafunzo. Utaratibu ulioenea ni huu: dereva wa lori aliyeleta mashine anamwita kijana aliye karibu, anamwonyesha kitufe cha kupanda, cha kushuka, kijiti cha kwenda mbele, anachukua sahihi kwenye karatasi ya makabidhiano, anaondoka. Kijana akiuliza swali la pili, huonekana mgumu wa kuelewa. Kuanzia hapo yeye ndiye opereta, na kesho atamfundisha mwenzake kwa namna hiyohiyo. Mwenye cheti cha VETA au NITA cha kijiko au foklifti naye hupewa funguo bila swali, kana kwamba mashine zote ni ndugu. Foklifti hainyanyui mtu.

Kiwango cha kimataifa cha mafunzo ya waendeshaji kipo, ISO 18878. Shirika la kimataifa la majukwaa ya kunyanyulia watu, IPAF, lililoanzishwa mwaka 1983, hutoa kadi ya opereta inayodumu miaka 5, na kadi hiyo huandika aina ya mashine aliyofunzwa mtu, kwa maana aliyefaulu mkasi hajafaulu mkono. Vijana wetu wanaotafuta kazi za ujenzi na matengenezo Dubai au Doha hukutana na madai ya kadi za namna hii. Marekani ilibadili viwango vyake vya ANSI mwishoni mwa 2018, vikaanza kutumika Juni 2020, na vinataka hata wale wanaopanda kama abiria wafundishwe, wasimamizi wafundishwe, na mpango wa uokoaji uandikwe kabla ya kazi. Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania namba 5 ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zote zinamtwisha mwajiri wajibu wa kumfundisha mfanyakazi na kuhakikisha mitambo inakaguliwa. Mwajiri hana pa kujificha.

Darasa peke yake halitoshi, na hata kadi haitoshi. Kila modeli ina vidhibiti vyake, kwa hiyo mwenye kadi naye huonyeshwa mashine aliyoletewa kabla ya kuipandisha: kushusha kwa dharura kuko wapi, kikomo cha uzito ni kilo ngapi, sehemu ya kurefusha sakafu inabeba kiasi gani peke yake. Kwenye mikasi mingi midogo sakafu nzima hubeba kilo 227, lakini ile sehemu inayosukumwa mbele hubeba karibu nusu yake. Mafundi wawili wakisimama pale mbele na ndoo ya plasta, wamezidisha, hata kama jumla inaonekana halali.

Mkufunzi mzuri humtambua opereta bora kwa ukaguzi wa asubuhi. Opereta anazunguka mashine kwa mkono na macho: matairi, pini na vizuizi vyake, mipira ya haidroli, oili iliyodondoka usiku. Anafungua betri, anaangalia maji yake, kwa sababu joto letu huyakausha haraka na betri dhaifu humwacha mtu juu. Chini ya mkasi kuna vyuma viwili vya kinga ya mashimo vinavyopaswa kushuka karibu na ardhi jukwaa linapopanda. Kwenye saiti zetu huganda kwa tope na zege lililomwagika, na havionekani mpaka uiname. Kisha anajaribu vidhibiti vya chini kabla ya vya juu, kitufe cha kusimamisha, king'ora, geti la jukwaa kama linajifunga lenyewe. Kuna wakufunzi ambao huficha hitilafu makusudi siku ya mtihani, wakachomoa pini ndogo au kufunga geti kwa waya, halafu wakamwachia mwanafunzi mashine bila kusema neno. Mtihani huo naupenda kuliko karatasi ya maswali.

Lakini mafunzo yatakuwa bure kama opereta hawezi kukataa. "Injinia, leo sipandi, upepo umezidi," ni sentensi ambayo kibarua wa siku huona inamgharimu mkate. Kwa hiyo msimamizi afundishwe darasa moja na opereta, wote wawili wasikie kikomo kilekile kutoka kinywa kimoja, na iandikwe mapema kwamba opereta akisimamisha kazi kwa usalama, siku yake inalipwa. Kampuni inayosema inajali usalama ipimwe hapo kwanza.

Na pawepo mtu wa chini. Fundi akizimia juu, au mashine ikigoma, kikapu hushushwa kwa vidhibiti vya ardhini, na kwenye mashine nyingi vidhibiti hivyo vinahitaji ule ufunguo ambao opereta amezoea kupanda nao mfukoni. Ubaki chini, kwenye paneli yake, na mtu aliyefunzwa awe karibu nao kwa muda wote wa kazi. Mashine mpya inapofika, hata kama ni ya aina ileile, jukwaa tupu lipandishwe mita mbili, umeme wa mashine ukatwe, kisha mtu huyo alishushe mwenyewe kwa valvu ya dharura huku wengine wakitazama. Baada yake ashushe mwingine, kwa zamu, mpaka kila anayebaki ardhini awe ameishika valvu hiyo kwa mkono wake.